Herufi 240 kwa Sekunde

Fundi wa kompyuta aliyeko Likasi, anayerekebisha seva iliyoko Lubumbashi au Ulaya kwa kutumia mega za simu yake, anaijua hali hii: anabonyeza herufi, kisha anaingoja itokee kwenye kioo. Anafuta neno, kishale kinarukaruka, na hajui tena kama amefuta herufi tatu au tano. Wengi huamini kwamba dawa ni moja tu, mtandao wenye kasi zaidi. Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya mateso hayo inatibika ndani ya programu, na kwamba tiba yenyewe ilipatikana zamani, kwa watu waliofanya kazi kwenye laini mbovu kuliko zote tunazozilalamikia leo Haut-Katanga.

Hao walikuwa watu wa mbao za matangazo za kompyuta, zilizojulikana kila mahali kama BBS. Ubao wa kwanza ulifunguliwa Chicago mwezi Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Kompyuta moja iliunganishwa na laini ya kawaida ya simu. Ukiipigia kwa modemu inakupokea, inakuonyesha orodha ya mambo yaliyomo, unasoma ujumbe wa wengine na kuacha wako, halafu unakata ili mwingine apate nafasi. Yote yalikuwa maandishi, yakisafiri herufi moja baada ya nyingine.

Tupige hesabu. Kioo cha zama zile kilikuwa na mistari 25, na kila mstari ulibeba herufi 80. Jumla nafasi 2,000. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilitumia biti 10 kwa kila herufi: nane za herufi yenyewe, moja ya kutangaza kwamba inaanza na moja ya kuifunga. Kwa hiyo zilipita herufi 240 kwa sekunde, na kujaza kioo kizima kulichukua zaidi ya sekunde nane. Kwa modemu za mwanzo za biti 300, kioo hichohicho kilichukua dakika moja na sekunde saba. Na hapo rangi bado. Rangi ziliombwa kwa amri za ANSI, zinazoanza na alama isiyoonekana iitwayo Escape. Kuomba maandishi ya njano angavu juu ya bluu kulikula baiti 10, na kila baiti ina uzito wa herufi moja. Ukurasa uliobadilisha rangi mara 300 ulibeba baiti 3,000 ambazo msomaji hazioni kamwe, yaani sekunde 12 na nusu za kungoja, huku dakika za simu zikihesabiwa.

Mtu aliyeandika programu ya ubao alilazimika basi kujiuliza, kwa kila baiti, kama kweli inahitaji kusafiri. Nafasi tupu ndizo zilizokuwa za kwanza kuachwa. Badala ya kutuma nafasi 40 tupu ili kufika katikati ya mstari, unatuma amri ya kusogeza kishale hatua 40 mbele, ambayo ni baiti tano tu. Kufuta mstari kuanzia kishale kilipo hadi mwisho ni baiti tatu. Kufuta kioo kizima ni nne. Lakini haifai kufuata kanuni hii kwa upofu. Amri ya kuruka nafasi tatu ina baiti nne, kwa hiyo inagharimu zaidi ya kuzituma nafasi tatu zenyewe. Tena ukiruka nafasi ambazo zina rangi ya nyuma, rangi ile haichorwi, na ukurasa unatoka na mashimo. Programu nzuri ilipima njia zote mbili kila mara, ikachagua iliyo fupi.

Rangi nazo zilihitaji kumbukumbu. Kama kioo kiko kwenye njano angavu juu ya bluu na unataka nyeupe angavu juu ya bluu ileile, hakuna haja ya kurudia maelezo yote. Unatuma badiliko la rangi ya herufi peke yake, baiti tano. Programu isiyokumbuka ilichokituma nyuma hurudia kila kitu, na mpigaji ndiye anayelipa.

Hatua kubwa kuliko zote ni ile ya kuhifadhi nakala ya kioo. Upande wa ubao, programu inaweka kwenye kumbukumbu picha kamili ya kile ambacho mpigaji anakiona sasa hivi. Kunapotokea badiliko, inatengeneza picha mpya, inazilinganisha mbili hizo nafasi kwa nafasi, na kutuma tofauti peke yake. Saa iliyo pembeni ikitoka 10:41 hadi 10:42, kinachosafiri ni amri ya kupeleka kishale mahali pake na tarakimu moja. Jambo hili halikuanzia kwenye mbao. Bill Joy, akiwa Chuo Kikuu cha Berkeley katika miaka ya 1970, aliandika kihariri cha vi akitumia modemu ya biti 300 kutoka nyumbani, na ndiyo sababu amri za vi ni fupi kiasi cha kumshangaza anayeanza. Ken Arnold, wa Berkeley pia, alichukua ile sehemu ya vi inayopanga mwendo wa kishale akajenga juu yake maktaba ya curses, ambayo mrithi wake hadi leo yumo ndani ya karibu kila mashine ya Linux. Naipenda sana kazi hii ya Arnold, kwa sababu ilimpa kila mwandishi wa programu kasi ambayo awali ilihitaji fundi bingwa.

Watu wa mbao waliongeza la kwao. Lugha iitwayo AVATAR ilifupisha amri zenyewe: rangi iliombwa kwa baiti tatu, kishale kilipelekwa popote kwa baiti nne badala ya nane, na alama inayojirudia ilitumwa mara moja pamoja na idadi yake. Mstari wa vistari 78 unaotenganisha kichwa na maandishi ukawa baiti tatu. Ilimradi programu ya mpigaji iwe inaielewa lugha hiyo.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao baiti chache haziuondoi: kulazimishwa kusoma usichokihitaji. Mgeni wa kila siku anaijua orodha kwa moyo. Mwache abonyeze chaguo lake kabla orodha haijamalizika kuchorwa. Ila hapa wengi walikosea. Walisimamisha programu, wakasahau maandishi yaliyokwisha kupangwa foleni kusubiri modemu. Foleni ya baiti 1,024 kwenye laini ya 2,400 ni zaidi ya sekunde nne za maneno yasiyotakiwa tena. Ilibidi foleni imwagwe palepale mtu anapobonyeza.

Modemu zenyewe zilisaidia baadaye. Kanuni ya V.42bis ilibana maandishi njiani, hadi mara nne kwa maandishi yanayojirudia sana, ingawa faili lililokwisha kubanwa halikupata faida yoyote.

Katika ukanda wetu njia iliyoshinda ilikuwa kali zaidi: kukiondoa kioo kwenye laini. Tom Jennings alianzisha FidoNet mwaka 1984 ili mbao zipigiane simu zenyewe, zibadilishane mafurushi ya barua yaliyobanwa, kisha zikate. Mtu anasoma na kujibu akiwa amekwisha kukata simu, na kioo chake kinakwenda kwa kasi ya kompyuta yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka, ng'ambo ya Kasumbalesa, kilipata barua pepe kwa FidoNet kupitia simu na Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mradi wa ESANET uliunganisha hivyohivyo vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Lusaka na Harare. Madaktari wa mtandao wa HealthNet walitumia mbinu ileile, wengine kupitia setilaiti ndogo ya HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, ikipita angani, ikipokea barua na kuzishusha mbele. Simu za kimataifa zilikuwa ghali na laini zilijaa kelele. Kuchora kurasa za rangi kutoka Lusaka hadi Rhodes kungekuwa kutupa fedha.

Leo mtu wa Likasi anakutana na urithi huu kila anapofungua M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa alama za nyota na reli. Ukurasa mmoja wa USSD haubebi zaidi ya herufi 182. Anayeziandika orodha hizo anafanya kazi ya mwenye ubao, na anapoanza na salamu ndefu kabla ya chaguo la kutuma pesa, anapoteza nafasi na muda wa mteja.

Kwa fundi wetu wa seva, chombo cha kutafuta ni Mosh, kilichotolewa mwaka 2012 na Keith Winstein na wenzake wa MIT. Seva inashika picha ya kioo, simu au kompyuta yako inashika yake, na njiani inapita tofauti tu. Mtandao ukikatika kwa dakika mbili kisha ukarudi, hupokei mrundo wa yote yaliyopita. Unapokea hali ya sasa. Juu ya hapo, Mosh inakisia jinsi seva itakavyoijibu herufi unayobonyeza na kuionyesha papo hapo, ikiipigia mstari chini hadi seva ithibitishe. Katika majaribio yao kwenye mtandao wa 3G, muda wa kati wa kungoja herufi ulishuka kutoka milisekunde 503 hadi chini ya 5. Ukihama kutoka Wi-Fi ya ofisini Shituru hadi mega za simu barabarani, kazi inaendelea bila kuingia upya.

Masharti yake ni machache. Mosh iwekwe pande zote mbili, na seva iruhusu milango ya UDP kati ya 60000 na 61000. Wasimamizi wengi huifunga, kwa hiyo muulize wako kwanza. Tena haihifadhi mistari iliyokwisha kupanda juu ya kioo, kwa kuwa inachosawazisha ni kile kinachoonekana tu. Endesha programu ya tmux ndani yake, nayo itakutunzia mistari hiyo kwenye seva.