Kifaru asiyeonekana tena katika bustani yoyote

Mpenzi msomaji, huenda leo umewaahidi watoto kwamba utawapeleka Langata, katika makao ya wanyama mayatima yaliyo penye lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Makao hayo yalifunguliwa mwaka 1964, na wakazi wengi wa jiji ambao sasa ni wazazi walimwona simba kwa mara ya kwanza papo hapo, wakiwa wamevalia sare za shule na kushikana mikono wawili wawili.

Watoto wana tabia moja. Wakishachoka kumtazama simba aliyelala, huanza maswali. Ndovu yuko wapi? Twiga je? Nawe utawajibu kwamba hao wako porini, na mwenye kutaka kuwaona sharti asafiri. Lakini mtoto akikuuliza, "Kuna mnyama mkubwa ambaye hayuko katika bustani ya wanyama yoyote duniani?" utamjibu nini?

Wengi wetu tungewafikiria wale wanyama wa kale ambao mifupa yao huchimbwa kutoka ardhini. La hasha! Mnyama huyo yupo, na anaishi humu humu nchini, karibu na mji wa Nanyuki. Ni kifaru mweupe wa kaskazini. Bustani za Ulaya na Marekani zilikuwa naye kwa miaka mingi. Leo hakuna hata moja iliyo naye. Duniani kote wamebaki wawili tu, mama na binti yake.

Mweupe kwa jina

Kabla ya kuendelea, ni vyema tufahamu tunamzungumzia mnyama gani. Kifaru mweupe si mweupe. Ngozi yake ni ya rangi ya kijivu kama ya mwenzake anayeitwa mweusi. Ukitaka kuwatofautisha, tazama mdomo. Kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuchumia majani vichakani. Mweupe ana mdomo mpana na bapa, na hula nyasi kichwa kikiwa chini kama ng'ombe.

Vifaru weupe wako wa aina mbili. Wale wa kusini, ambao asili yao ni Afrika Kusini na nchi jirani, ndio wanaoonekana katika mbuga kadhaa za Kenya na katika bustani nyingi ulimwenguni. Wale wa kaskazini makao yao yalikuwa Uganda, Sudan, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mnamo mwaka 1960 walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000. Baada ya hapo vita vikazuka katika nchi hizo moja baada ya nyingine, bunduki zikajaa vijijini na misituni, na bei ya pembe ikapanda. Pembe hizo zilitengenezewa mipini ya majambia kule Yemen, na zilisagwa kuwa dawa katika nchi za Mashariki ya Mbali, ijapokuwa pembe ya kifaru imeumbwa kwa kitu kile kile kilicho katika kucha na nywele zako. Uganda iliwapoteza wake wote mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1984, katika Mbuga ya Garamba nchini Kongo walikuwa wamebaki kama 15 hivi.

Kutoka Sudan hadi Ulaya

Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1975, wategaji wa kampuni ya Chipperfield ya Uingereza, iliyojulikana kwa sarakasi za wanyama, waliwakamata vifaru sita katika eneo la Shambe, ambalo siku hizi liko Sudan Kusini. Mmoja wao alikuwa ndama wa kiume wa umri wa miaka miwili hivi. Alipewa jina la nchi alikotoka, akaitwa Sudan. Wote sita walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, iliyoko katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Chekoslovakia.

Je, huo ulikuwa wizi au uokoaji? Kumtoa ndama porini na kumpeleka penye theluji, ambako kipindi cha baridi hupitishwa ndani ya nyumba, ni jambo la kuhuzunisha. Hata hivyo, wale waliobaki nyuma porini waliuawa wote. Laiti Sudan angeachwa Shambe, pengine hata jina lake tusingelijua.

Dvůr Králové haikuwa ya kwanza kuwa na vifaru hawa. Bustani za London, Antwerp na Washington pia zilikuwa nao, na vile vile San Diego kule Marekani. Watoto wa miji hiyo walisimama mbele ya ua wakiwatazama, kama watoto wetu wanavyomtazama simba pale Langata. Lakini katika bustani zote hizo, ni Dvůr Králové peke yake iliyofaulu kuwazalisha. Suni, dume, alizaliwa huko mwaka 1980. Najin, binti wa Sudan, alizaliwa mwaka 1989. Fatu, binti wa Najin, alizaliwa mwaka 2000. Baada ya Fatu hakuzaliwa mwingine tena.

Kosa lilikuwa wapi? Kifaru si mbuzi, kwamba utamfunga pamoja na dume kisha usubiri wana. Hubeba mimba kwa miezi 16 hivi na huzaa ndama mmoja tu. Tena vifaru hawa walikuwa wachache, wametawanywa katika bustani zilizo mbali mbali, na miaka ilipozidi kwenda waliosalia walikuwa jamaa wa damu. Kila bustani ilikuwa na mnyama wake wa kuonyesha wageni. Zilipokuja kuunganisha nguvu, wakati ulikuwa umekwisha kuyoyoma.

Kurudi Afrika

Mnamo Desemba 2009, ndege ya mizigo ilitua Nairobi ikiwa na vifaru wanne: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Kutoka uwanja wa ndege walisafirishwa kwa barabara hadi hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia. Kenya haikuwa nchi yao ya asili, lakini nyasi, hewa na ulinzi vilipatikana. Wataalamu walitumaini kwamba wakikanyaga ardhi ya Afrika na kuishi bila kuta, huenda wangezaana.

Waliizoea nyika upesi, na mwaka 2012 Suni na Najin walionekana wakipandana, lakini mimba haikushika. Mwaka 2014 uchunguzi ulionyesha kwamba si Najin wala Fatu anayeweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu, haiwezi kuhimili uzito wa mimba. Naye Fatu ana kasoro ya mji wa mimba.

Kisha misiba ikaandamana. Suni alikufa Oktoba 2014. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kule San Diego, alikufa dume aliyeitwa Angalifu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana yake. Julai 2015 akafa Nabiré, jike aliyekuwa amebaki Dvůr Králové. Novemba 2015 akafa Nola wa San Diego, ambaye alikuwa mmoja wa wale sita wa Shambe. Kuanzia siku hiyo hapakuwa tena na bustani yoyote duniani yenye kifaru mweupe wa kaskazini. Walibaki watatu tu, wote Laikipia.

Naye Mzee Sudan, akilindwa usiku na mchana na askari wenye bunduki, alifariki Machi 19, 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Alikuwa amedhoofika kiasi cha kushindwa kusimama, na madaktari wakaamua kumpumzisha. Alikuwa dume wa mwisho.

Matumaini maabarani

Je, hadithi imekwisha? Bado. Kabla madume hao hawajafa, mbegu zao zilihifadhiwa katika baridi kali sana. Agosti 2019 wataalamu walianza kutoa mayai ya Najin na Fatu pale Ol Pejeta na kuyasafirisha hadi maabara iliyoko Cremona, Italia, ambako yalichanganywa na mbegu za kiume. Najin alipumzishwa kutoka kazi hiyo mwaka 2021 kwa sababu ya umri. Mayai ya Fatu yamechanganywa na mbegu za Suni na za Angalifu, na kufikia mwaka 2023 vijusi vichanga 30 vilikuwa vimepatikana na kuhifadhiwa.

Kwa kuwa Fatu hawezi kubeba mimba, mpango ni kupandikiza vijusi hivyo katika matumbo ya vifaru weupe wa kusini. Jaribio la kwanza lilifanywa kwa kijusi cha aina ya kusini, ili kutazama kama njia hiyo inafaa. Septemba 2023 jike mmoja aliyeitwa Curra alipandikizwa, na mimba ikashika. Novemba mwaka huo, baada ya mvua kubwa, Curra alikufa kwa ugonjwa wa bakteria zilizotoka ardhini. Tumboni mwake kilikutwa kitoto cha kiume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4. Ilikuwa habari ya uchungu na ya furaha kwa pamoja: mama amepotea, lakini njia imeonekana.

Wako wanaouliza kama inafaa kutumia fedha nyingi kwa wanyama wawili, ilhali kifaru mweusi, ambaye ni wetu, naye yumo hatarini. Swali hilo ni la haki. Wanaoendesha mradi huo hujibu kwamba ujuzi utakaopatikana utawafaa wanyama wengine pia. Pengine kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Jambo ambalo hakuna anayelipinga ni hili: kumlinda mnyama angali porini na wenzake ni rahisi mara nyingi kuliko kumtafuta baadaye katika chupa ya maabara.

Waliorudi kwa wakati

Msomaji asije akadhani kwamba kila mnyama aliyepelekwa ughaibuni ameishia hivyo. Huko huko Nanyuki, upande wa mlima, kuna hadithi nyingine. Bongo wa milimani ni swara mkubwa wa rangi ya hudhurungi nyekundu mwenye mistari myeupe, na duniani kote kwao ni Kenya pekee. Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi yao walikamatwa katika misitu ya nchi hii na kupelekwa katika bustani za Marekani. Nyuma yao, mitego, mbwa wa wawindaji, magonjwa na ukataji wa miti viliwapunguza waliobaki. Siku hizi walio porini, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, hawafiki 100.

Tofauti ni kwamba bongo walizaana ughaibuni hadi wakawa mamia, na waliokuwa nao walishirikiana mapema. Januari 2004, bongo 18 walirejeshwa kutoka Marekani hadi hifadhi iliyo chini ya Mlima Kenya. Wazao wao walianza kuachiliwa msituni mwaka 2022. Februari 2025 wengine 17 waliwasili Nairobi kutoka Florida. Safari bado ni ndefu, lakini hawa wana mbele na nyuma.

Basi, mzazi mwenzangu, utakapopita na mtoto mbele ya zizi tupu na akakuuliza mwenyewe amekwenda wapi, usimvute mkono mkaenda kununua aiskrimu. Mwambie kwamba wako wanyama walioondoka kwa sababu walirudishwa kwao, na wako walioondoka kwa sababu walikwisha. Mwambie pia kwamba tofauti kati ya hao wawili ililetwa na watu: waliojali mapema, na waliochelewa.

Wanafunzi mtakaobahatika kuzuru Ol Pejeta mnaweza kuwaona Najin na Fatu kwa utaratibu uliowekwa, na kulitembelea kaburi la Sudan. Asiye na nauli ya Laikipia asikate tamaa. Kifaru mweusi yumo katika Mbuga ya Nairobi, ng'ambo tu ya ua wa makao ya mayatima, na majumba marefu ya jiji yanaonekana nyuma yake. Miaka ya 1980 Kenya ilikuwa imebaki na wachache, hawakufika 400. Leo wamepita 1,000 kwa sababu walilindwa wangali wapo. Mpeleke mwanao akamwone, ili naye asije akamsimulia mjukuu wako habari za mnyama aliyekuwa akiishi karibu na Langata.