Dawa Ifike Ubongoni

Wakristu wetu wa Kasongo na Kabambare wanaujua sana ugonjwa wa usingizi. Mbung'o, yule inzi wa kando ya mito, humuuma mtu na kumtia vijidudu katika damu. Vikikaa humo siku nyingi, mwisho vinaingia ubongoni: mgonjwa anasinzia mchana, anakesha usiku, anageuka tabia, asipotibiwa, anakufa.

Kwa nini ni vigumu kutibu ubongo? Mwenyezi Mungu ameuzungushia lupango: kuta za mishipa midogo ya damu zimeshikana sana mle, sumu isipite. Lakini lupango lile lile linazuia hata dawa nyingi. Tangu 1949 wanganga walitumia melarsoproli, dawa yenye arseniki. Ilipenya kweli, lakini katika wagonjwa 100 yapata 5 waliuawa na dawa yenyewe. Si ajabu aliyeyaona hayo akiwakimbia wapimaji.

Mnamo Novemba 2025 wataalamu wa Zurich, katika inchi ya Uswisi, walitangaza roboti ndogo sana: ni kitonge cha jelatini chenye chembe za chuma na dawa ndani yake. Kinatiwa mshipani kwa mrija mwembamba. Sumaku zilizo nje ya mwili zinakiongoza mpaka mahali panapotakiwa. Kisha kinatiwa joto, kinayeyuka na kuacha dawa papo hapo. Walikijaribu katika nguruwe na kondoo.

Je, kitatufaa kwa ugonjwa wa usingizi? Tupambanue vema. Kitonge hicho kimetengenezwa kwa ugonjwa wa mahali pamoja, kama damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo. Vijidudu vya mbung'o vinatawanyika. Moto wa kibanda kimoja huzimwa kwa ndoo. Moto wa pori zima wahitaji mvua.

Na mvua hiyo tunayo: feksinidazoli, iliyokubaliwa katika Kongo yetu mwaka 2018. Ni vidonge, vinamezwa siku 10, kila mara pamoja na chakula, mbele ya mwenye kazi ya afya. Wagonjwa walio wengi hawahitaji tena sindano; wenye dalili kali bado hupimwa maji ya uti wa mgongo.

Basi, sisi mapadri na waseminari tuyaseme hayo wazi misioni na vijijini: wapimaji wakifika, watu wasikimbilie mashambani. Hakuna dawa, wala ya sumaku wala ya kumeza, inayofika ubongoni mwa mtu aliyejificha.