Kitambaa cha Meza ya Pool: Kinavyochaguliwa na Kukazwa

Katika baa na vibanda vya michezo vya Kariakoo, Gerezani na maeneo mengine ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam, meza ya pool ni kitega uchumi. Mchezaji hulipia kila mchezo, hivyo kipato cha mmiliki hutegemea idadi ya michezo inayochezwa kwa siku. Kitambaa kikilegea, mpira huacha njia yake na wachezaji huhamia meza ya jirani.

Kitambaa kinachofaa hufumwa kwa sufu iliyochanganywa na nailoni. Sufu hukipa uzito na ulaini, nailoni hukipa uimara. Wapo wanaotandika kitambaa cha kawaida cha kijani kwa sababu bei yake ni nafuu. Unafuu huo ni wa siku chache, kwani kitambaa hicho hutanuka bila kurudi na kuanza kujikunja karibu na mashimo.

Kabla ya kununua, hupimwa bamba la jiwe lenyewe, si eneo la kuchezea peke yake, kwa kuwa jiwe huendelea chini ya kingo za mpira. Huongezwa sentimita 10 hadi 15 kila upande ili fundi apate pa kushika na kuvuta. Vipande vya kingo sita hukatwa kutoka jora lilelile, vinginevyo rangi na kasi ya mpira hutofautiana. Mnunuzi ana haki ya kuona jora likipimwa, kwani Sheria ya Vipimo, Sura 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo (WMA), inamlinda dhidi ya kupunjwa. Adai pia risiti ya EFD, ambayo ni ushahidi wake endapo bidhaa itakuwa na kasoro.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua kingo, kung'oa kitambaa cha zamani na kuondoa kila pini. Jiwe husawazishwa kwa pimamaji, nyufa za maungio hujazwa nta, kisha vumbi hufutwa kabisa. Chembe moja ya gundi iliyokauka inatosha kuupotosha mpira.

Kitambaa hutandikwa uso wake ukiwa juu, na malaika wake wakielekea upande wa pili kutoka pale mchezo unapoanzia. Upande wa kuanzia hufungwa kwanza. Fundi huenda upande wa pili, akavuta kwa urefu na kufunga kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo ahamie pande ndefu kwa utaratibu uleule. Akianzia pembeni, mkunjo hubaki katikati na hauondoki tena. Penye mashimo hukatwa mikato midogo, kitambaa kikakunjwa ndani bila kubakiza pindo.

Kukaza kupita kiasi nako ni kosa, maana nyuzi zilizovutwa mno hukatika upesi. Kiganja kikipitishwa juu ya meza, kitambaa kisitoe wimbi.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam huongeza kazi. Sufu hufyonza unyevu, hivyo wakati wa masika hata meza iliyokazwa vyema huweza kulegea. Mmiliki hatakiwi kukilowesha kitambaa anapokisafisha. Hutumia brashi laini, akifuata uelekeo wa malaika. Kikilegea, fundi hufungua kingo na kuvuta upya upande uliolegea, mradi ziada ya kitambaa haikukatwa yote siku ya kwanza.