MAUA YASIYONYAUKA: Chunga jina kabla ya kulipia mbegu

Mfanyabiashara anayeagiza mbegu za maua yasiyonyauka ya Australia anaweza kununua bidhaa moja mara mbili bila kujua. Ua la dhahabu, linalojulikana zaidi katika kundi hili, liliwahi kuitwa Helichrysum bracteatum, baadaye Bracteantha bracteata, na sasa kitaalamu ni Xerochrysum bracteatum. Majina ya zamani bado yanatumika katika biashara, lakini ua ni lilelile.

Maua haya ni ya jamii moja na alizeti. Kinachodhaniwa kuwa petali ni vijani vikavu kama karatasi vinavyozunguka kitovu cha ua. Kwa kuwa vina maji kidogo sana tangu shambani, havisinyai baada ya kukatwa. Hapo ndipo ilipo faida: maua yaliyokaushwa hayahitaji chumba cha baridi kama waridi, mradi yasiguswe na unyevu.

Aina hazilingani. Xerochrysum ina vichwa vikubwa vya rangi nyingi, matokeo ya kazi ya uzalishaji iliyoanza Ujerumani katika miaka ya 1850. Kasoro yake ni shina, ambalo hulegea likikauka, hivyo vichwa vingi hutiwa waya, na gharama hupanda. Rhodanthe chlorocephala ya Australia Magharibi, ambayo bado huuzwa kwa jina la Acroclinium, huwa ya waridi au nyeupe na humaliza maisha yake katika msimu mmoja. Ndugu yake, Rhodanthe manglesii, huinamisha vichwa.

Afrika nayo ina ya kwake. Afrika Kusini kuna Syncarpha, na miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ina Helichrysum za asili. Hata hivyo, hizo zimo ndani ya hifadhi za taifa na si mali ya kuchumwa. Australia Magharibi nako, kuchuma maua pori kwa biashara kunahitaji leseni.

Ubora huamuliwa siku ya kukata. Ua hukatwa vijani vya nje vinapoanza kufunguka, kabla kitovu hakijaonekana, kwa sababu huendelea kufunguka likiwa limening'inizwa kichwa chini mahali pakavu penye giza na hewa. Likichelewa, kitovu hupasuka na kumwaga mbegu, na mzigo hushuka daraja.

Mwenye mtaji mdogo hana budi kudai jina kamili la kitaalamu kwenye ankara kabla ya kutoa fedha.