Kisima Kimoja, Majibu Mawili

Choma cha Nkola, wilayani Igunga mkoani Tabora, ni nchi ya ng'ombe, malambo na visima vifupi. Kiangazi kikikaza, mama anayechota ndoo anataka kujua jambo moja tu: maji haya yananyweka? Wataalamu humtafutia jibu kwa kupima bakteria wa E. coli, dalili kwamba kinyesi kimeingia kisimani. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Maabara huchuja maji kwenye utando wenye vitundu vya mikromita 0.45, huulaza juu ya chakula cha bakteria, kisha huhesabu vidoa vilivyoota. Lakini sampuli lazima isafiri kwenye barafu na ianze kupimwa ndani ya saa chache, na kwa barabara za vijijini huo ni mtihani mkubwa. Ndiyo maana unavutia ule mfuko wa plastiki wenye vyumba vitano, vya mililita 1, 3, 10, 30 na 56. Unamimina maji yaliyochanganywa na chakula cha bakteria chenye rangi ya kupimia, unaufunga, na kwa joto letu unasubiri siku moja au mbili bila umeme. Chumba chenye E. coli hugeuka bluu.

Je, mfuko huo uaminiwe kama maabara? Hapo wengi huteleza. Hupimwa visima vichache, majibu yakipishana mfuko hutupwa, yakilingana husifiwa.

Chukua kisima chenye wastani wa bakteria 1 kwa kila mililita 100. Bakteria hawajipangi sawasawa majini. Kwa hesabu ya Poisson, ile ya mambo yanayotokea kwa bahati, chupa 37 kati ya 100 za ujazo huo hazitakuwa na hata mmoja. Basi hata njia mbili zisizo na kasoro yoyote, kila moja ikipewa chupa yake, zitapingana katika jozi karibu 47 kati ya 100. Ugomvi huo umetoka majini. Vipimo havina hatia.

Na kulingana nako kunadanganya. Mfuko ukivinasa visima vichafu 30 vyote, bado huenda unakosa hadi kimoja katika kila kumi. Kuishusha shaka hiyo hadi kimoja katika mia kunadai visima 300 hivi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 17994 kinataka sampuli ileile ipimwe kwa njia zote mbili, tofauti ya kila jozi ikokotolewe kwa logi, na wastani utolewe pamoja na mipaka yake ya shaka. Jozi zenye sifuri pande zote hazifundishi kitu. Nami naona ni lazima anayesoma mfuko asijue maabara imesema nini, na visima vipimwe masika na kiangazi, kwani tope la mvua hubadili mengi.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa halmashauri na wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kabla hamjanunua kipimo kipya, mwulizeni muuzaji kilijaribiwa kwenye visima vingapi na vya wapi. Na tofauti mtakayoivumilia iandikwe kabla chupa ya kwanza haijajazwa.