Kabla Hujang'oa Tailizi za Bafuni

Niliitwa Kigamboni kung'oa tailizi ambazo hazikuwa na hata miaka minne. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameteleza mara mbili akioga, ya pili akateguka mkono, na binti yake alikwishanunua maboksi mapya. Niliomba kwanza nichuchumae chini ya bomba la mvua. Nikakwangua kigae kwa ukucha, ukatoka utando mweupe, laini kama nta ya mshumaa.

Utando ule haukuwa wa uvivu, maana bafu lilikuwa likisuguliwa kila siku. Maji ya visima vingi vya pwani hupita kwenye mawe ya chokaa, yakatoka na kalsiamu nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo hutoa povu la shida, na sehemu yake huganda ikawa kitu kisichoyeyuka. Kitu hicho hujaza vishimo vidogo vya uso wa kigae, na vishimo hivyo ndivyo vinavyoshika unyayo. Vikizibwa, maji hubaki kati ya ngozi na kigae, nawe unakuwa umesimama juu ya maji.

Kupiga deki kwa sabuni ileile ni kuongeza tabaka. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, mwaga, acha dakika kumi, sugua kwa brashi ngumu kisha suuza sana. Usitumie siki kwenye marumaru ya jiwe halisi wala terazo, itaila. Na usiichanganye na jiki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na mabafu yetu mengi yana kidirisha cha kupitisha kiganja tu. Asidi kali ambazo baadhi ya mafundi humwaga ili kuleta ukwaruzo, mimi sizigusi. Zinaanza kula groti, ile saruji ya kuziba kati ya vigae, kabla ya kigae.

Tulipomaliza kusugua, upande mmoja ulishika. Upande wa ukutani bado uliteleza, kwa sababu maji yalituama. Sakafu ya bafu inataka kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na fundi aliyetangulia alikuwa amelaza vigae vya sentimita 60 kwa 60, ambavyo havikubali kuinamia tundu kutoka pande nne bila kukatwa. Vigae vidogo vya sentimita 5 hufuata mteremko wowote, na mistari mingi ya groti huushika mguu.

Nikatazama vigae vya maboksi mapya: R9, vinang'aa kama kioo. Wauzaji hupenda kutaja hiyo R, na wanunuzi huichukulia kama cheti cha kutoteleza. Kipimo hicho cha Kijerumani hufanywa na mtu aliyevaa viatu, akitembea juu ya ubao ulioinamishwa na kupakwa mafuta, hadi ateleze. Kinafaa kwa karakana. Kwa miguu mitupu na maji ya sabuni kuna kipimo kingine, chenye herufi A, B na C. Kwa mahali pa kuogea tafuta B. Kama boksi halina herufi, omba dukani maji na sabuni kidogo, vua kiatu, ujaribu mwenyewe. Watakucheka, wacheke.

Mikeka ya mpira yenye vikombe vya kunyonya hushika kwenye kigae laini tu. Kwenye kigae chenye mikwaruzo huteleza pamoja nawe. Na lazima ianikwe kila baada ya kuoga, la sivyo chini yake huota utelezi mpya.

Tulivunja mita moja ya mraba tu, pale pa kuogea, ili kulaza vigae vidogo. Kisha nikamuuliza bibi hushika wapi anapoosha mguu.

"Mwanangu, nashika lile bomba la taulo."

Nililivuta kwa vidole viwili, likatoka na plasta yake. Siku hiyohiyo nikatoboa ukuta hadi kwenye tofali, nikafunga bomba la chuma kwa bolti nne, usawa wa kiuno chake.