Ufungaji wa mlango wa mbele usiku

Ufungaji wa mlango wa mbele usiku ni namna wakazi wa nyumba wanavyozuia watu wasiotakiwa wasiingie wakati wao wamelala, huku wakibaki na uwezo wa kutoka haraka moto ukizuka au mtu akiugua ghafla. Mahitaji hayo mawili yanavutana: mlango unaomshinda mwizi unaweza kumshinda pia mtoto aliyeamshwa na moshi.

Katika Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam jambo hili linaonekana wazi, kwa sababu aina tatu za nyumba ziko jirani. Kuna nyumba za mawe za Mji Mkongwe, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati, na nyumba mpya zenye uzio na nondo zilizojengwa kando ya barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga na Kerege.

Milango ya Mji Mkongwe

Bagamoyo ilikua katika karne ya 19 ikiwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara kupitia Tabora, kisha ikawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891. Wafanyabiashara wake walijenga nyumba za mawe ya matumbawe na kuziwekea milango mizito ya mbao ngumu, mingine ikiwa imenakshiwa.

Mlango wa namna hiyo una vipande viwili vinavyofunguka kwa ndani. Kimojawapo kimepigiliwa mfaa, yaani ule mti wa wima unaofunika mahali vipande vinapokutana. Kwa sababu mfaa uko upande wa nje, kipande kisicho na mfaa ndicho kinachofunguliwa kwanza, na mtu wa nje hapati ufa wa kupenyezea kisu au nondo. Aghalabu milango hiyo haina bawaba: inazunguka kwa ncha zilizoingizwa katika matundu ya kizingiti cha juu na cha chini, hivyo hakuna skrubu za kufungua.

Ufungaji wake ulikuwa wa aina mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha suala hili. Mwenye nyumba akitoka, mlango ulifungwa kwa nje kwa mnyororo uliotiwa katika tumbuu na kufuli. Watu wakiwa ndani, ulifungwa kwa komeo, au kwa kia, yaani mti unaokingamishwa nyuma ya vipande vyote viwili. Lugha yenyewe imehifadhi matendo hayo: kukomea ni kufunga kwa komeo, na kukomoa ni kulifungua. Kukomoa hakuhitaji ufunguo wala taa. Mtu aliye ndani hupapasa, husukuma au huinua, na mlango uko wazi. Aliye nje hawezi kulifikia komeo hata akiwa na funguo za mji mzima.

Nyumba ya Kiswahili na mlango wa uani

Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili (mara nyingi vitatu kila upande), na ua nyuma wenye jiko na choo. Ina njia mbili za kutoka: mlango wa mbele na mlango wa uani. Moto ukianzia upande mmoja wa ukumbi, wakazi wanaweza kukimbilia upande wa pili. Hata hivyo, siku hizi ua mwingi umezungushiwa ukuta mrefu wa tofali za saruji, wakati mwingine wenye vipande vya chupa juu yake. Kama ukuta huo hauna mlango wake, mlango wa uani humfikisha mtu mahali pa wazi tu. Hilo si dogo, kwa kuwa angalau atapata hewa, lakini hajatoka.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika nyumba za kupangisha. Kila chumba kina familia yake na kufuli yake, na mlango wa mbele ni wa wote. Desturi ya nyumba nyingi ni kuufunga saa fulani ya usiku, na anayechelewa hupiga hodi mpaka mtu aamke. Ukifungwa kwa komeo, hakuna tatizo kwa walio ndani. Ukifungwa kwa kufuli na ufunguo ukakaa chumbani kwa mwenye nyumba, uhai wa wapangaji wote unategemea mtu mmoja kuwamo, kuamka na kuukumbuka ulipo.

Kuna pia tabia ya mzazi anayetoka alfajiri kwenda sokoni au kupokea samaki pwani kufunga mlango kwa kufuli ya nje ili watoto waliolala wasitoke wala mtu asiwaingilie. Nia ni njema, lakini hii ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu ndani hakuna kabisa kitu cha kufungua. Mzazi asiye na njia nyingine humwachia jirani aliye macho ufunguo wa pili.

Vitasa vya funguo na milango ya grili

Katika nyumba mpya komeo limeachiwa nafasi ndogo. Mlango wa mbao una kitasa kinachofungwa kwa ufunguo pande zote mbili, na mbele yake kuna mlango wa grili wenye kufuli moja au mbili. Madirisha yote yana nondo. Wezi wa usiku wapo, na hakuna sababu ya kuwacheka wanaojikinga. Lakini nyumba hiyo ikishika moto, mkazi anatakiwa kupata funguo mbili au tatu gizani, kwa kuwa mara nyingi umeme hukatika, huku akikohoa. Moshi hujaa kuanzia darini kushuka chini, na ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayomlegeza mtu kabla moto haujamfikia.

Kitasa cha funguo pande zote hupendwa kwa sababu mwizi akivunja kioo au akipenyeza mkono kwenye grili hawezi kukifungua. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ina dawa. Mafundi wa kuchomea vyuma huweza kuweka komeo la chuma mbali na nafasi yoyote inayopitisha mkono, au kulizungushia kisanduku cha bati nene kilicho wazi kwa upande wa ndani tu. Viko pia vitasa vyenye kishikio kidogo cha kuzungusha kwa vidole kwa ndani na tundu la ufunguo kwa nje.

Pale ambapo kufuli haiepukiki, ufunguo hutundikwa kwenye msumari mmoja usiobadilika, karibu na mlango lakini mbali na dirisha, na kila aliye ndani, pamoja na mgeni wa usiku mmoja, huonyeshwa. Kuuacha ndani ya kitasa kuna kasoro yake: katika vitasa vingi aliye nje hataweza kuingiza ufunguo wake, awe mtoto aliyechelewa au mwokoaji. Kuongeza makomeo matatu au manne pia si usalama zaidi, hasa likiwapo la juu kabisa ambalo bibi au mtoto halifikii.

Kwa madirisha, angalau moja katika upande wa vyumba vya kulala linaweza kutengenezewa fremu ya nondo yenye bawaba, inayofungwa kwa komeo la ndani.

Maafa ya milango iliyofungwa

Mifano ya kutisha zaidi Afrika Mashariki imetokea katika mabweni, ambako milango hufungwa usiku kwa sababu zilezile za majumbani. Mwezi Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 walikufa kwa moto katika shule ya sekondari ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos; mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo.

Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114.

Chumvi, mvua na mchwa

Hewa ya bahari hula chuma. Kufuli iliyofunguka vizuri mwezi Januari inaweza kung'ang'ania baada ya miezi michache, hivyo hutiwa mafuta mara kwa mara. Wakati wa masika mbao huvimba na mlango hukwama kwenye fremu. Fundi seremala huupiga randa kidogo ukingoni. Komeo la mbao halishiki kutu, lakini huliwa na mchwa, na likianza kutoa unga hubadilishwa.